Lugha ya Kwanza ya Mjukuu Wetu



Mwezi huu tungependa kuzungumzia jambo ambalo pengine wengi wenu hamkutarajia kulisoma kutoka kwa mzee aliyestaafu ualimu, nalo ni namna ya kumchagulia mtoto lugha ya kwanza ya kompyuta pale anapotaka kujifunza kutengeneza michezo. Tunalizungumzia kwa sababu mbili. Kwanza, jambo hili limekwisha kuingia katika nyumba zetu nyingi, na wazazi wengi hawajui walishike wapi. Pili, sisi wenyewe tuliliendea vibaya, na kosa letu nusura limkatishe mtoto tamaa ya elimu. Huenda kisa chetu kikamwokolea mzazi mwingine miezi kadhaa ya majuto.

Mjukuu wetu mwenye umri wa miaka 12 alitujia jioni moja baada ya sala ya Magharibi, akakaa zuliani karibu na kiti chetu, akasema: "Babu, nataka kujifunza lugha. Nianze na ipi?" Alisema hayo kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa lugha ya skuli yake. Furaha iliyotuingia haikuwa na kifani. Kwa miaka mingi tulikuwa tukilalamika na bibi yake kwamba watoto hawa wanakulia ugenini bila ya ulimi wa wazee wao, na leo mmoja wao amekuja mwenyewe kuutaka. Tukaanza kumweleza habari za ngeli, tena tukamwahidi kumtolea daftari letu la zamani lililomo kabatini. Mtoto alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Si lugha hiyo, Babu. Lugha ya kompyuta. Nataka kutengeneza gemu."

Hatukumwonyesha kwamba tumevunjika moyo. Tulimwambia tutafuatilia.

Tulikuwa mwalimu wa hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Unguja na baadaye hapa Uingereza. Katika masomo yetu ya chuo kikuu tulifundishwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957. Tuliandika programu zetu kwa kalamu katika karatasi na tukapata maksi nzuri, ingawa kompyuta yenyewe tuliiona kwa nadra. Kwa hivyo tulijiona tunajua, na mwalimu anayejiona anajua huwa haulizi vya kutosha. Tuliwauliza vijana wawili watatu nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, nao wakatujibu kwa sauti moja kwamba michezo mikubwa yote inaandikwa kwa lugha iitwayo C++.

Vijana hawa hawakusema uongo. C++ ilianzwa mwaka 1979 na Bjarne Stroustrup, mtaalamu wa Kidenmaki aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ikatoka rasmi mwaka 1985. Aliijenga juu ya lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sifa yake kubwa ni kasi. Mchezo wa kompyuta aghalabu huchora picha mpya mara 60 kwa kila sekunde, maana yake ni kwamba mashine ina milisekunde 16 hivi tu za kuhesabu kila kitu: mpira uko wapi, ukuta uko wapi, mchezaji amebonyeza nini, nani amegongana na nani. C++ humpa mwandishi mamlaka ya kuisimamia kumbukumbu ya kompyuta mwenyewe, na kwa ajili hiyo programu zake hukimbia mno. Ndiyo maana wakubwa wa kazi hii wanaipenda.

Basi tukasema, mtoto naye aanze na kile wanachotumia wakubwa. Tukamnunulia kitabu kinene cha kurasa zaidi ya elfu moja, tukamwambia kwamba kigumu ndicho kinachokomaza. Hapo ndipo tulipokosea.

Mtoto alikuwa na haja moja ndogo: alitaka kuuona mpira ukitembea katika skrini. Lakini lugha ya C++ peke yake haina picha wala mpira. Ukitaka picha, huna budi utafute hazina ya programu iliyoandikwa na watu wengine, uiunganishe na yako, na kuiunganisha ni kazi inayowatoa jasho hata watu wazima. Kabla ya kufika huko kuna aina za data, kuna vielekezi vya anwani za kumbukumbu, kuna kanuni juu ya kanuni. Akisahau nukta mkato moja, mashine humjibu kwa mistari mingi ya lawama asiyoifahamu hata mmoja. Kila jioni tulimwona akirejea mwanzo wa sura ya tatu. Baada ya wiki tatu tukakiona kitabu chini ya kitanda chake, kimefunikwa na soksi.

Tulipomuuliza, alijibu bila ya kututazama: "Nimeshindwa, Babu. Mimi sina akili ya hesabu."

Ndugu wasomaji, maneno hayo yalituchoma. Lau angesema hana akili ya C++ tungelicheka naye. Yeye alisema hana akili ya hesabu. Tumetumia umri wetu darasani tukiwatoa watoto wa watu kauli hiyo vinywani, na sasa tumeitia wenyewe kinywani mwa mjukuu wetu. Muhula ule hata maksi zake za skuli ziliteremka, na mama yake akatuambia kwamba hanyanyui tena mkono darasani. Mkwe wetu, baba yake mtoto, hakuwa na huzuni kubwa. "Afadhali, Baba," alituambia. "Michezo ingempotezea wakati. Ashughulikie masomo yake." Tulinyamaza kwa kuwa hatukuwa na la kujibu, lakini usingizi usiku ule tuliutafuta.

Katika kuutafuta huko tukakumbuka chuoni. Wengi wenu mliosomea mwambao mtakumbuka jinsi maalimu alivyotuanza. Hakuna maalimu aliyempa mtoto wa miaka mitano Suratul Baqara yenye aya 286, ingawa ndiyo inayofuata Alhamdu katika mpangilio wa Msahafu. Mtoto alianza na alif, be, te, akatia irabu, akaingia Juzuu Amma kwa kuanzia mwisho wake, kwenye sura fupifupi ambazo angeweza kuzihifadhi na kuzisoma katika sala yake siku hiyohiyo. Al-Kawthar ina aya tatu tu, na mtoto aliyeihifadhi alirudi nyumbani akitembea kifua mbele. Sura ndefu zilikuja baadaye, zikamkuta mtu aliyekwisha kuamini kwamba anaweza. Sisi tulimfungulia mjukuu wetu Baqara ya kompyuta siku ya kwanza, kisha tukastaajabu alipokimbia.

Tukaamua kuanza upya, na safari hii tuanze sisi wenyewe kabla ya mtoto. Kwa muda wa miezi miwili, kila baada ya sala ya Alfajiri, tulikaa mbele ya kompyuta tukizijaribu lugha hizi moja baada ya moja. Haya ndiyo tuliyoyapata.

La kwanza kulifahamu ni kwamba lugha ya kompyuta si zaidi ya njia ya kumpangia mtumishi mwepesi lakini asiye na busara hatua za kufuata. Hatua hizo zilizopangwa huitwa algoritimu, na yafaa watoto wetu waelezwe kwamba neno hilo limetokana na jina la Muislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Elimu hii basi si ya wageni kwetu. Mtoto akishajua kupanga hatua, kuweka sharti, kurudiarudia jambo na kuhifadhi idadi katika kisanduku chenye jina, amekwisha kupata kiini cha lugha zote. Kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine baada ya hapo ni kama Mtumbatu kujifunza maneno ya Kiunguja: mazoea yanabadilika, mantiki ni ileile. Kwa hivyo lugha ya kwanza si ndoa ya milele, wala mzazi asikeshe akihofu kwamba akikosea mwanzo mtoto amepotea.

La pili ni kutofautisha lugha na injini. Injini ya michezo ni karakana iliyokwisha kujengwa, yenye zana za picha, sauti, mwendo na migongano, na mtoto huandika maagizo yake ndani ya karakana hiyo kwa lugha fulani. Injini ya Unreal, iliyotolewa na kampuni ya Epic Games mwaka 1998, hutumia C++, pamoja na njia nyingine ya kuunganisha maagizo kwa michoro. Injini ya Unity, iliyotoka mwaka 2005, hutumia C#, lugha ya Microsoft iliyo nyepesi kuliko C++ kwa sababu hujisafishia kumbukumbu yenyewe. Unity ina masomo mengi mno ya bure, lakini mzazi ajue kwamba ni mali ya kampuni, na masharti yake hubadilika. Mwezi wa Septemba 2023 wenyewe walitangaza ada mpya kwa watengenezaji michezo, ikazusha malalamiko makubwa, hata mwaka uliofuata wakaifuta. Mtoto anayejifunza hakuguswa na ada ile, lakini ni vyema kukumbuka kwamba karakana ya kupanga ina mwenyewe.

Kwa upande wa pili iko injini iitwayo Godot, iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na ambayo tangu mwaka 2014 imekuwa wazi kwa kila mtu bila ya malipo wala ada. Ni nyepesi kuipakua. Lugha yake, GDScript, imefanana sana na Python, na jambo hilo tutalirudia.

Ama kuhusu watoto wadogo, hatukuona kilicho bora kuliko Scratch. Ilitolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, chini ya uongozi wa Mitchel Resnick, kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Humo mtoto haandiki chochote: anavuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja juu ya kingine kama matofali, na vipande visivyopatana havipachikani, kwa hivyo nukta mkato haiwezi kumliza. Ni bure. Na tulipofungua orodha ya lugha zake tulikuta Kiswahili kimo. Tulimwita dada yake mjukuu wetu, mwenye miaka 8, tukamgeuzia maagizo kuwa ya Kiswahili, na kabla ya sala ya Isha alikuwa amekwisha kumfanya paka akimbie kutoka upande hadi upande. Tangu siku hiyo hutuuliza maana ya kila neno analolikuta.

Kaka yake hakuitaka Scratch. Aliisoma alipokuwa skuli ya msingi, kwani hapa England somo la kompyuta limo katika mtaala wa taifa tangu Septemba 2014 kuanzia umri wa miaka mitano, naye alihisi kurudishwa darasa la watoto. Hisia hiyo tuliiheshimu. Mtoto wa miaka 12 aliyekwisha kushindwa mara moja hahitaji fedheha ya pili.

Vijana wengine hucheza Roblox, ambamo michezo huandikwa kwa Luau, lugha iliyochipuka kutoka Lua. Lua yenyewe ni lugha nzuri, fupi na nyepesi, iliyotungwa mwaka 1993 na wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, na jina lake kwa Kireno maana yake ni mwezi. Mtoto aliyezama katika Roblox aweza kuanzia hapo, maana ataona matunda mapema, lakini mzazi awe macho, kwa sababu mle ndani mna maongezi na watu asiowajua na vishawishi vya kununua.

Mwisho wa yote tukasimama kwenye Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi, ambaye jina lake hakulichukua kwa chatu bali kwa kipindi cha vichekesho vya televisheni ya Uingereza. Ni bure, huwekwa katika kompyuta kwa dakika chache, na mstari wake mmoja hufanya kazi ya mistari mingi ya C++. Ndani yake mna kobe wa kuchorea, wazo lililotoka kwenye lugha ya Logo ya mwaka 1967, na Seymour Papert, mmoja wa waliotunga Logo, alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini. Kwa ajili ya michezo iko hazina ya Pygame, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tusifiche aibu zake: Python ni ya polepole ikilinganishwa na C++, wala makampuni makubwa hayaandiki michezo yao mizito kwa lugha hiyo, na kuupeleka mchezo wake kwenye simu ni taabu. Lakini tulikuwa hatuajiri mtu. Tulikuwa tukitafuta lugha ambayo ingemrejeshea mtoto imani katika akili yake, na ambayo baadaye ingempeleka Godot bila ya kuanza upya.

Kabla ya kumwita mtoto tulikwenda kwa baba yake, maana si adabu kumlea mwana wa mtu kinyume na matakwa yake. Mkwe wetu alikuwa na hofu tatu: kwamba michezo hula wakati wa sala na masomo, kwamba mingi ina uchafu, na kwamba mingine ina kamari ndani yake. Hofu zote tatu tulizikubali kuwa za haki. Tulimwambia tu kwamba anayecheza na anayetengeneza si mmoja. Anayecheza hupoteza saa tatu asijue zimekwenda wapi. Anayetengeneza hukaa saa hizo akipima, akihesabu na akisahihisha. Tukaafikiana masharti: kazi za skuli kwanza, sala kwa wakati wake, kompyuta ikae sebuleni, na mchezo wowote atakaoutengeneza usiwe na maisiri wala matusi. Kwa masuala ya fiqhi tuliwaachia masheikh wetu wenye elimu hiyo. "Na atatengeneza mchezo gani, Baba?" akatuuliza. Tukamjibu bila ya kufikiri sana: "Bao."

Jibu hilo lilitutoka tu, lakini ndilo lililokuja kuwa na baraka. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane, na huanza na kete kumi ubaoni, sita katika nyumba na mbilimbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na kete 22 mkononi. Tulilitoa bao letu chini ya kitanda, tukaliweka zuliani, tukamwambia mjukuu: "Hatutafungua kompyuta mpaka ujue kucheza." Alicheza wiki nzima akishindwa na bibi yake.

Kisha tukafungua Python. Somo la kwanza lilikuwa moja tu: kuandika orodha ya namba kumi na sita, kila namba ikiwa ni idadi ya kete katika shimo moja la mchezaji. Aliiona orodha yake ikijitokeza katika skrini dakika ile ile, hapana cha kuunganisha wala cha kusubiri. Somo la pili lilikuwa kusambaza kete kuzunguka mashimo, na hapo akakwama, kwani akifika shimo la mwisho programu ilimwambia kwamba hakuna shimo mbele. Tulimfundisha hesabu ya baki kwa njia ya saa. Tulimuuliza: ikiwa sasa ni saa tisa, baada ya saa tano itakuwa saa ngapi? Akajibu saa mbili. "Kumi na nne imekwenda wapi?" Akafikiri, akacheka, akaandika mwenyewe kwamba namba ya shimo igawanywe kwa kumi na sita na kichukuliwe kinachobaki. Kete zake zikazunguka. Hatukumsifu kwa maneno mengi. Tulimwambia tu kwamba hiyo ilikuwa hesabu.

Kosa lililomsumbua zaidi lilitokea katika hatua ya kunamua. Tulimwekea kanuni kwamba baada ya kila mchezo programu ijumlishe kete zote, za ubaoni na za mikononi, na jumla isipungue wala kuzidi 64. Siku moja ikatoka 63. Alitafuta siku mbili kete moja iliyopotea. Akaja kugundua kwamba ameiamuru kompyuta itoe kete mkononi, lakini amesahau kuiamuru iiweke shimoni. Alitujia mbio jikoni, tukiwa katika kumenya viazi, akasema kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza bila ya kuombwa: "Babu, nimeipata kete!"

Ilikuwa hapo ndipo tulipofahamu kilichokuwa kikitendeka. Mambo ya bao hayana Kiingereza. Katika programu yake kisanduku cha kwanza kinaitwa nyumba, cha pili kichwa, cha tatu kimbi, na maagizo yake yanaitwa namua, takata na mtaji. Ili aandike, hakuwa na budi aulize, na ili aulize kwa usahihi, ilimlazimu aseme kama tunavyosema sisi. Tulimkosa Kiswahili kwa mlango wa ngeli, akaingia kwa mlango wa kete.

Mwezi uliopita tulifikia kanuni ya nyumba. Katika kunamua, kete ya mwisho ikiangukia katika nyumba iliyo kamili, mchezaji ana hiari ya kulala au kwenda safari. Mjukuu aliiandika programu iende safari kila mara. Tukamwambia si hivyo. Akabisha, akataka ushahidi. Tukampigia simu ndugu yetu Unguja, ambaye ameketi kwenye baraza la bao maisha yake yote, tukampa mtoto simu. Kimya kidogo, kisha tukamsikia akisema: "Shikamoo Babu. Nina suali kuhusu nyumba." Walizungumza kwa dakika ishirini. Kiswahili chake kilikuwa na makosa ya kila namna, na mama yake alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, asitikisike. Alipokata simu alisema: "Kompyuta haiwezi kuamua. Inabidi imuulize mchezaji." Akakaa kuibadilisha.

Mchezo haujamalizika. Mtaji bado una kasoro, na picha za mashimo hazipendezi. Mwakani, inshallah, atauhamishia Godot, na kama akifika C++ siku moja, kitabu chetu kinene kingali rafuni kikimsubiri bila ya haraka. Skuli ameanza tena kunyanyua mkono.

Basi, ndugu wazazi, kwa muhtasari tunashauri haya. Mtoto wa chini ya miaka kumi au zaidi kidogo aanze na Scratch, tena mumgeuzie kwa Kiswahili. Mwenye miaka 11 na kuendelea aanze na Python, au moja kwa moja na Godot ikiwa ana hamu kubwa ya picha. Anayetaka Unity asizuiwe, C# ni mwanzo wa heshima. C++ ije baada ya mtoto kumaliza mchezo wake mmoja kwa lugha nyepesi. Msimpe lugha na kumwacha peke yake. Kaeni naye walau nusu saa, hata kama hamfahamu kitu, aone kwamba jambo lake lina uzito kwenu. Na mchezo wa kwanza uwe mdogo, anaoujua, ikiwezekana wa kwetu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunamalizia kwa kuwaomba radhi watoto wote ambao sisi walimu tuliwafungulia kitabu kisicho chao, kisha tukawahesabu kuwa ni wazito wa kufahamu. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi subira ya kuwafundisha kwa kuanzia pale walipo.